Nimekuuliza Wewe, Padre

Mtaani walimwita Mzee Nukta, na jina lenyewe hakulichukia. Alilipata katika darasa la kipaimara, chumba kilichokuwa nyuma ya kanisa, chenye madawati sita na ubao uliochubuka pembeni. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akifundisha humo imani ya kanisa lao la Anglikana: sala, amri, sakramenti, na yale maneno ya imani ambayo waumini huyasema kwa pamoja wakiwa wamesimama. Mwanafunzi akiruka neno, mwalimu anagonga meza kwa rula. "Rudi nyuma! Umeacha nukta njiani." Ukisema Bwana alizikwa, ukadandia moja kwa moja kwenye kupaa mbinguni, anakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Haya, na kaburini alitokaje? Alipitia dirishani?" Darasa zima linaangua kicheko, na aliyekosea hakosei tena mpaka anaingia kaburini mwenyewe.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ushonaji. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la saruji na kinyozi, kwa hiyo asubuhi alikuwa akipiga chafya za vumbi na mchana akisikiliza umbeya wa watu wanaonyolewa. Alikuwa na cherehani moja ya miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka chini, na msumari ukutani uliobeba vipimo vya watu vilivyoandikwa kwenye vipande vya karatasi. Alishona sare za shule na suti za maharusi, lakini sifa yake ilikuwa kanzu za makasisi. Wengi walikuja kutoka mbali, maana hakukuwa na fundi mwingine aliyejua kuikaza shingo ya kanzu bila kumkaba mvaaji.

Kasisi wa kanisa lao, ambaye wote walimwita Padre tu, alikuwa zao la mikono yake mara mbili. Alimfundisha akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, mbishi, mwenye maswali yasiyokwisha, na baadaye akamshonea kanzu yake ya kwanza. Siku Padre alipowekwa wakfu, Mzee Nukta alikaa mstari wa pili. Askofu alipomuuliza yule kijana kama anayaamini mafundisho ya kanisa, na kama atayashika na kuyafundisha kwa uaminifu, kijana alijibu kwa sauti iliyosikika hadi kwa waliosimama nje. Mzee Nukta machozi yakamtoka. Alipoulizwa, alimsingizia mkewe kwamba amemkanyaga kidole.

Basi ikaenda hivyo miaka kumi na mitano. Padre alikuwa mtu wa watu. Mgonjwa hakulala siku mbili bila kumwona, ugomvi wa ndoa aliusuluhisha kwa mzaha, na mahubiri yake hayakuzidi dakika kumi na tano. Yeye na mkewe muuguzi walikuwa na binti mmoja tu. Mtoto huyo alifariki akiwa na miaka tisa, kwa homa ya siku tatu. Jumatatu alikuwa akiruka kamba uani, Alhamisi akazikwa. Watu walimsihi Padre amwachie kasisi mwingine ibada ya mazishi, akakataa. Alisoma mwenyewe mwanzo hadi mwisho, hakukwama popote. Watu waliporudi makwao walisema, ama kweli, yule ni mtu wa imani.

Mzee Nukta naye alisema hivyohivyo. Ulipita mwaka na miezi ndipo masikio yalipoanza kumsumbua.

Yeye alikuwa pia msomaji wa kanisa, kwa hiyo kila Jumapili alisimama hatua moja kutoka kwa Padre. Watu wote husema maneno ya imani kwa pamoja, na katika ule mvumo wa sauti mia mbili huwezi kujua nani amesema na nani amenyamaza. Lakini aliye karibu anajua. Jumapili moja Mzee Nukta alisikia sauti ya Padre ikiishia kwenye mauti na maziko. Ikanyamaza. Ikarudi tena mbele, kwenye kanisa na ushirika wa watakatifu, kisha ikanyamaza tena palipotajwa kufufuka kwa mwili. Alidhani ni kohozi. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, na ya tatu vilevile. Midomo ya Padre ilikuwa imefungwa na macho yake yakitazama chini, kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo avuke barabara.

Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akiwakamata watoto kwa neno moja, sasa amkamate nani? 

Siku moja mchana Padre alikuja kibandani na kanzu yake mkononi. Alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia kama iliyotundikwa mtini. Mzee Nukta alimsimamisha mbele ya kioo, akapiga magoti, akaanza kubana pini kiunoni. Pini tatu zilikuwa bado mdomoni alipouliza, "Padre, kuna maneno huyasemi siku hizi."

Padre hakushtuka. "Nilijua wewe ndiye utakayesikia."

"Ni koo?"

"Si koo, Mwalimu." Upande wa pili wa ukuta kinyozi alikuwa akicheka na mteja. "Siku ile ya mwanangu, niliposhika jeneza nikasoma habari ya ufufuo, nilijisikia kama ninayesoma tangazo la maji kukatwa. Nikasema moyoni, ni uchungu tu, utapita. Uchungu umepungua. Lakini hilo lingine halijarudi. Siamini, Mwalimu. Natamani kuamini, nakaa kwenye kiti kila asubuhi najaribu, na siamini."

Mzee Nukta alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko. Alijua majibu. Alikuwa na majibu ya kila swali, mengine kwa namba. Akafungua kinywa, akajikuta anasema, "Uliapa."

"Nilipoapa nilikuwa naamini. Sikudanganya."

"Na sasa?"

"Sasa yale ninayoyaweza nayasema, nisiyoyaweza nanyamaza. Sijui nifanye nini zaidi. Nakuomba kitu kimoja, haya yabaki hapa. Si mama watoto wako, si mzee wa kanisa, si mtu yeyote."

"Yatabaki hapa," alisema Mzee Nukta, na papo hapo akatamani angekuwa kiziwi.

Alijaribu, Mungu wangu, alijaribu. Alimpelekea vitabu vilivyopigiwa mistari kwa penseli. Alimpelekea hoja alizozipanga usiku kucha kichwani. Padre alizisikiliza zote kwa adabu, akatikisa kichwa pale pa kutikisa, na mwisho wa kila mazungumzo alisema, "Hoja nzuri, Mwalimu. Nazijua. Ulinifundisha wewe." Mzee Nukta alirudi nyumbani kama mtu aliyekwenda kisimani na ndoo iliyotoboka.

Mkewe, mwanamke asiyekopeshwa maneno, aliona. "Mume wangu, unatia chai chumvi. Una nini?"

"Macho tu, siku hizi hayaoni vizuri."

"Macho yanaonja?"

Mzee Nukta akainywa chai ile hivyo hivyo. Kilichomkera ni kwamba uongo ule ulimtoka bila shida yoyote.

Mwisho akamshauri Padre aende kwa askofu. "Mimi ni fundi cherehani. Yeye ndiye mchungaji wako." Walikwenda pamoja. Mzee Nukta alikaa kwenye benchi la ukumbini akitazama picha za maaskofu waliotangulia, wote wamevaa kanzu zenye shingo zilizoshonwa vibaya. Baada ya saa moja mlango ukafunguka. Askofu mwenyewe, mtu mzima aliyechoka, mwenye sauti ya upole, alimsindikiza Padre akiwa amemshika bega. "Nenda mwanangu. Maneno yale ni ya kanisa, siyo yako peke yako. Yaseme, kanisa litaamini kwa niaba yako mpaka wewe upone. Nina makanisa manne hayana kasisi kabisa. Usiniache."

Njiani Mzee Nukta aliuliza, "Unaonaje?"

"Amesema vizuri," alijibu Padre. "Nilikwenda nikitaka anivue kanzu, au anitibu. Amenirudisha kazini."

Mzee Nukta alipima yale maneno ya askofu kila upande, kama kitambaa asichojua ndani wala nje. Kanisa lenyewe linafundisha kwamba udhaifu wa mhudumu hauondoi neema ya sakramenti. Mkate ni mkate ule ule, ubatizo ni ubatizo ule ule, hata kama mkono ulioutoa unatetemeka. Hilo alilifundisha miaka yote na alilishika. Kwa hiyo waumini hawakupungukiwa kitu. Aliyepungukiwa ni huyu mmoja anayetembea kando yake na viatu vyenye vumbi, na kwa huyo hakukuwa na fundisho lililoandikwa. Kama lilikuwapo, yeye hakulijua.

Ndipo dada mkubwa wa Mzee Nukta akaugua.

Huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alipokufa, dada alikuwa na miaka kumi na minne na yeye mitatu. Akambeba mgongoni huku akijifunza kusoma, kwa hiyo mdogo mtu alizijua herufi kabla hajajua kukimbia. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, moyo umechoka, miguu imevimba, akili bado wembe. Alilazwa chumba cha mbele nyumbani kwa Mzee Nukta, karibu na dirisha, na aliwaamrisha wote kutoka pale kitandani. Wifi yake akichelewesha maji, anasikia, "Wifi, hayo maji mnayachimba?"

Alimtaka Padre, na Padre akaja. Ilikuwa saa kumi jioni, jua limeingia hadi miguuni mwa kitanda. Alimpa Ushirika Mtakatifu, akamwekea mkono kichwani, akamwombea. Mzee Nukta alishika kitabu. Mkewe alisimama mlangoni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mgonjwa alipoushika mkono wa Padre asiuachie.

"Baba, mimi siku zangu zimekwisha, msinifiche. Nakuuliza jambo moja. Ni kweli nitafufuka?"

Mzee Nukta alimkazia Padre macho. Moyoni alisema, sema. Ni neno moja. Sema, mwanangu.

"Kanisa linaamini hivyo, mama," alisema Padre.

Mgonjwa alimtazama. Alikuwa amelea watoto watano na mdogo mmoja, alijua mtoto anayekwepa swali. "Sikuliuliza kanisa. Kanisa nalijua tangu sijaota meno. Nimekuuliza wewe, Padre. Wewe uliyemzika mwanao. Unaamini utamwona?"

Padre akafungua kinywa. Machozi yalimtoka kabla ya neno, na neno halikutoka. Alibaki ameshika ule mkono.

"Ndiyo, dada!" alisema Mzee Nukta kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni kweli. Utafufuka. Mimi naamini."

"Wewe nakujua, mdogo wangu," alisema dada yake taratibu. "Wewe ningekwambia mbingu ni za mabati ungeandika." Kisha akauachia mkono wa Padre, wala si kwa hasira. Akaupapasa kidogo, kama anayembembeleza, akageuza uso kuelekea ukutani.

Uani, Mzee Nukta alimfuata Padre akamshika mkono wa kanzu. "Ungesema ndiyo! Neno moja! Ungepungukiwa nini?"

Padre alimgeukia, uso umelowa. "Mwalimu. Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?"

Mzee Nukta aliuachia ule mkono wa kanzu. Maisha yake yote alifundisha kwamba mtumishi asiseme asichokiamini, na siku ilipofika alitamani kwa moyo wake wote mtumishi adanganye.

Dada yake aliishi siku mbili zaidi. Aliongea mambo ya kawaida, nani amlishe paka, blanketi lipi apewe nani. Lile swali hakulirudia. Mzee Nukta alikaa kando ya kitanda akamsomea, naye alisikiliza macho yamefumbwa, na kama maneno yalimfikia au la hakuna ajuaye. Asubuhi ya siku ya tatu mkewe alipoingia na chai alikuta amekwisha kwenda. Uso wake ulikuwa bado umeelekea ukutani.

Padre alikuja kutoa pole, akasimama mlangoni hakuingia. "Siwezi kumzika dada yako kwa maneno niliyoshindwa kumwambia akiwa hai. Msomaji ana ruhusa ya kuzika. Nisamehe." Basi Mzee Nukta alimzika dada yake mwenyewe. Alisoma kila neno, hakuruka hata moja, na kwa mara ya kwanza katika miaka sitini na tatu aliyasikia maneno yale yalivyo mazito kuyabeba mtu peke yake. Alielewa jinsi mtu anavyoweza kuyaangusha.

Jumatatu Padre alipeleka barua kwa askofu. Wiki mbili baadaye nyumba ya kasisi ilikuwa tupu, mapazia yametolewa. Kanisani lilisomwa tangazo la mistari miwili, kwamba Padre ameomba kupumzika utumishi kwa sababu zake binafsi, tumwombee.

Ukimpa binadamu mistari miwili, atakuandikia msahafu mzima. Kufikia Jumatano kwa kinyozi walikuwa wamekwisha kumpatia Padre mwanamke, mwanamke mwenyewe ni mwalimu, ana mtoto, mtoto anafanana na Padre masikio. Kufikia Ijumaa watoto walikuwa wawili. Mzee Nukta alisikia yote kupitia ukuta huku mguu ukikanyaga cherehani.

Siku moja mzee wa kanisa, ambaye ndiye mwenye duka la saruji, aliingia kibandani. "Mzee, wewe ulikuwa naye karibu. Ni kweli hayo ya mwanamke?"

"Si kweli."

"Basi ni nini?"

Mzee Nukta alishika mkasi, akauweka chini. "Si mwanamke. Yule ni mtu mwaminifu kuliko mimi na wewe."

"Mtu mwaminifu haondoki kimya kimya. Kama unajua, sema tumsafishe. Kama hujui, usituzuie kuongea."

Mzee Nukta akauchukua mkasi tena, akaendelea kukata. Yule bwana alitikisa kichwa akatoka, na kufikia jioni ikawa inasemwa hata fundi wake mwenyewe ameshindwa kumtetea.

Uvumilivu ulimwishia. Alimpigia Padre simu. "Nipe ruhusa niseme ukweli. Wanakuchafua, mwanangu. Wanakuzulia watoto!"

"Wangapi sasa?"

"Wawili."

Padre alicheka, kicheko cha kweli. "Mwalimu, ukiwaambia kwamba nilikuwa sina imani, yule niliyemfungisha ndoa mwaka jana atalala? Na yule bibi niliyemzikia mumewe? Wataanza kupekua kila neno nililowahi kuwaambia."

"Nitawafafanulia. Sakramenti haitegemei mhudumu. Ipo katika mafundisho."

"Ipo. Utamfafanulia nani, mjane? Dada yako alikuwa anayajua mafundisho yote hayo, na bado aliniuliza mimi." Sauti yake ilishuka. "Wakiamini ni mwanamke, watanichukia mimi peke yangu. Imani yao itabaki salama. Waache."

"Na mkeo?"

"Mke wangu anajua ukweli. Inamuuma, lakini anajua."

Mzee Nukta aliishika simu kwa mikono miwili. Huyu mtu asiyeamini alikuwa akiilinda imani ya wengine kwa kulipa jina lake, na yeye mwenye imani yake yote hakuweza kumlipia hata senti. Alifikiri kumwambia hivyo, akaona haitasaidia kitu.

Kasisi mpya alikuja baada ya miezi mitatu. Ana sauti nene, anapaza kila neno la imani mpaka madirisha yanatikisika, na watu wanampenda. Mzee Nukta anasimama hatua moja kutoka kwake kila Jumapili. Zamani angefurahi. Siku hizi anaisikia sauti ile na kujiambia kwamba sauti tu ndiyo anayoisikia, zaidi ya hapo hajui, na wala hana njia ya kujua. Darasani bado anafundisha. Rula ameiacha nyumbani. Wanafunzi wakiruka neno anawasubiri, wakati mwingine kwa muda mrefu hata wenyewe wanaona aibu.

Mkewe hajawahi kuambiwa. Alikuwapo mlangoni siku ile, alisikia swali na aliona Padre akilia. Anachojua amekijua mwenyewe. Mara moja tu alisema, akiwa anakunja nguo, "Wifi hakumkasirikia yule, nilimwona." Mumewe akasema, "Nilimwona pia." Wakaishia hapo.

Kila mwezi Mzee Nukta hupiga simu. Padre sasa anafundisha hesabu katika shule ya mji mwingine, na mkewe amepata kazi katika hospitali ya huko.

"Habari za huko, mwanangu?"

"Njema, Mwalimu. Nimepewa darasa la watoto hamsini na tano, hawajui hata jedwali la saba."

"Wakomalie." Kisha, kama kila mara, anauliza kwa sauti ya chini, "Na lile jambo?"

"Bado, Mwalimu."

"Haya."

Wanakaa kimya kidogo kwenye simu, fundi huku, mwalimu wa hesabu kule, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake. Halafu Padre anauliza habari za goti, na Mzee Nukta anamweleza kwamba linauma zaidi asubuhi, hasa kukiwa na baridi, na kwamba daktari amempa dawa ya kupaka ambayo haisaidii sana.